Ombi la Chumba na Ahadi ya Mwenyeji



Safari zimekuwa nyingi siku hizi, na watu wa nyumba zetu hulala hotelini na katika nyumba za wageni kuliko walivyolala wazee wetu. Huyu amekwenda kutibiwa, huyu amempeleka mtoto chuoni, huyu yumo katika biashara yake, na wengine wamejaaliwa kwenda Makka na Madina. Na kila msafiri ana haja yake. Mmoja ataka chumba cha chini, mwingine ataka cha juu penye upepo. Mmoja ataka vitanda viwili, mwingine ataka awe mbali na kelele za muziki. Husema haja yake, huitikiwa, kisha hufika akakuta mambo mengine. Basi twauliza: mgeni aombaye chumba cha namna fulani yafaa atumaini kwa kadiri gani kwamba atakipata? Jambo hili lilitupata sisi wenyewe hapa Nguvumali, na lilitufunza habari za nyumba za wageni kwanza, kisha likatugeukia na kutufunza habari zetu.

Tunaye shangazi yetu, ndugu wa marehemu baba, akaaye Bweni, ng'ambo ya mto Pangani. Umri wake umepita miaka 70, na goti lake la kulia halikunjiki. Mwaka 2023 alipangiwa siku ya kuonwa na daktari katika hospitali ya Bombo, na ikampasa alale Tanga siku mbili. Nyumbani kwetu hapakuwa na nafasi. Na sababu ya kukosekana nafasi hiyo tutaieleza mbele, maana ndiyo kiini cha maneno yetu. Tukaenda katika nyumba ya wageni isiyo mbali na kwetu, siku 4 kabla ya safari yake. Tukatoa arubuni, tukamwambia karani wa mapokezi, kijana mwenye adabu: "Twataka chumba cha chini, karibu na choo, chenye nafasi ya kutandika mswala." Akatuitikia: "Inshallah, mzee wangu, hakuna shaka." Tukarudi nyumbani roho zetu zimetua.

Siku ya safari, kivuko kilichelewa, na gari nalo likachelewa. Shangazi alifika baada ya Isha. Karani hakuwa yule. Alikuwa mwingine wa zamu ya usiku. Alitazama daftari lake, akatupa ufunguo wa chumba cha orofani. Tukamwambia habari ya ombi letu. Akajibu kwa upole kwamba yeye hakuliona ombi lolote, na ya kwamba vyumba vyote vya chini vina watu.

Shangazi hakusema neno. Aliketi juu ya kidato cha kwanza cha ngazi, akiupa mgongo upande wa juu, akawa ajiinua kidato kwa kidato kwa mikono yake, goti lake limenyooka mbele yake kama kijiti. Vidato vilikuwa 22. Sisi tulikuwa nyuma yake na mkoba wake, na kila alipopumzika alisema, "Alhamdulillah." Alfajiri tulipokwenda kumjulia hali, tulimkuta amekwisha sali. Maji ya udhu alipandishiwa na binti mfagiaji, ambaye hakuombwa na mtu wala hakuandikiwa katika daftari lolote.

Asubuhi ile tulikwenda kwa msimamizi wa nyumba, nasi tumejaa hasira. Alikuwa mtu mzima wa makamo yetu. Alituamkia, akatupa kiti, akaagiza kahawa, kisha akalifungua daftari mbele yetu. Jina letu lilikuwamo, fedha zetu zilikuwamo, na tarehe zilikuwamo. Ombi halikuwamo. Yule kijana wa mchana alilisikia, akaliitikia, asiliandike.

Msimamizi hakumtetea kijana wake, bali alituomba radhi. Lakini aliongeza neno ambalo tumelifikiri sana tangu siku ile. Alisema: "Bwana, chumba mmekinunua, cha chini mmekiomba." Tukamtaka atufafanulie. Akatuambia kwamba nyumba yake ina vyumba 14, na vya chini ni 4 tu. Siku ile kimoja kilikuwa na bomba bovu. Cha pili alikuwamo mfanya biashara kutoka Mombasa aliyekuwa aondoke asubuhi, akaomba alale tena usiku mmoja. Viwili vilivyobaki walipewa wageni waliofika alasiri. "Lau mngepiga simu alasiri," akasema, "mkaniambia kwamba mgeni wenu ni mgonjwa na yu njiani, ningekizuia kimoja, hata kama ingenipasa nimsihi mtu apande juu." Na kweli, saa sita mchana ile alimhamishia shangazi yetu chini.

Kwa maneno ya mzee yule, na kwa yale tuliyoyaona kwingineko, tumeelewa jinsi mambo haya yaendavyo, nasi twapenda wasomaji wetu wafaidike.

Hoteli, iwe ndogo ya mtaani au kubwa ya orofa kumi, aghlabu haimuuzii mtu chumba chenye namba yake. Humuuzia aina ya chumba: cha kitanda kimoja au viwili, cha bei hii au bei ile. Lililo katika bei ni mapatano, na likivunjwa mgeni ana haki ya kudai. Lakini lililo nje ya bei, kama vile orofa gani, upande gani, karibu na nani, hilo ni ombi. Hata wanaoagiza vyumba kwa intaneti hukuta mahali pa kuandika maombi yao, na karibu yake pana maneno madogo yasemayo kwamba hoteli itajitahidi lakini haiahidi. Wengi hawayasomi maneno hayo. Na aagizaye kwa mkono wa wakala ana hatari zaidi, maana ombi huweza kukwama kwa wakala lisifike kwa mwenye funguo.

Kugawa vyumba hufanywa mara nyingi asubuhi ya siku ile ile ya kufika wageni, baada ya kujulikana nani ameondoka na nani amebaki. Hapo karani hutazama orodha yake na vyumba vilivyo tupu na vilivyokwisha safishwa, akalinganisha. Kwa hiyo ombi la jambo lililopo kwa wingi hupatikana kwa wepesi. Mtu aombaye mswala, au aonyeshwe kibla, au chombo cha kutawazia, au aondolewe vileo vilivyomo katika jokofu la chumbani, huyo aomba jambo lisilo na gharama, na ni nadra kunyimwa akisema mapema. Kibla chetu hapa Tanga ni kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo sana, na katika hoteli nyingi za nchi za Ghuba na Malaysia hubandikwa mshale darini au ndani ya mtoto wa meza ili mgeni asihangaike. Lakini aombaye kimoja katika vyumba vichache, kama chumba cha chini, au kitazamacho bahari, au viwili vilivyopakana kwa ajili ya watoto, au kuingia asubuhi kabla chumba cha jana hakijasafishwa, huyo ashindana na wengine, na majaliwa yake hutegemea nani alitangulia, nani alieleza sababu, na siku yenyewe ni ya namna gani. Siku za sikukuu, au za maulidi makubwa, au za mikutano, maombi huwa mengi na nafasi huwa haba. Katika Hija ya mwaka 2023 walihiji watu zaidi ya 1,800,000. Katika msongamano huo haimfai hujaji kutegemea maombi ya mdomo. Atakalo katika habari ya mahali pa kulala, na nani atakuwa pamoja naye chumbani, na aliandikishe katika mkataba kabla hajatoa fedha yake.

Haya ndiyo tuliyojifunza juu ya hoteli. Walakini Mwislamu hawezi kuishia hapo, maana habari ya mgeni na chumba chake imo katika sira ya Bwana wetu Muhammad (S.A.W.).

Alipohajiri kutoka Makka akafika Madina mwaka 622, alishukia kwa Abu Ayyub al-Ansari, Mwenyezi Mungu amwie radhi. Nyumba ya Abu Ayyub ilikuwa na sehemu ya chini na ya juu. Mwenyeji alitaka Mtume akae juu, kwa heshima. Mtume (S.A.W.) akapenda akae chini, kwa kuwa palikuwa pepesi kwake na kwa watu waliokuja kumzuru. Basi mwenyeji akalikubali ombi la mgeni, ingawa halikumpendeza moyoni. Imepokewa kwamba usiku mmoja mtungi wa maji ulivunjika juu, na Abu Ayyub na mkewe wakayakausha maji kwa shuka yao pekee ya kujifunika, wakichelea yasimdondokee Mtume. Na imepokewa kwamba yeye aliona uzito kutembea juu ya kichwa cha Mtume hata akajisogeza pembeni, na baadaye akamsihi, na Mtume akakubali kuhamia juu. Tazameni adabu hiyo, ndugu zetu. Mgeni alisema haja yake na sababu yake. Mwenyeji alimpa alichoomba, na uzito uliobaki akauchukua mwenyewe.

Na Abu Ayyub huyo huyo ametufundisha pia adabu ya mgeni. Ni yeye aliyepokea Hadithi ya kukatazwa kuelekea kibla wakati wa haja. Akasimulia kwamba walipofika Sham walikuta vyoo vimejengwa kuelekea kibla, basi wakawa wakijipinda na kumwomba Mwenyezi Mungu maghufira. Hakusema kwamba walizibomoa nyumba za watu, wala kwamba waligombana na wenyeji. Palipokuwa hapana njia ya kupata watakalo, walijipinda.

Sasa tusemeje juu ya yule kijana na "Inshallah" yake? Neno hili ni tukufu. Katika Suratul Kahf tumekatazwa kusema tutafanya jambo kesho illa kwa kulifungamanisha na mapenzi ya Mwenyezi Mungu. Ni neno la mtu aliyekwisha azimia na kufunga kibwebwe, kisha akakiri kwamba uwezo si wake. Nasi tumeligeuza kuwa pazia. Atakaye kukataa bila kuona haya husema Inshallah. Atakaye kumwondoa mtu mbele ya meza yake husema Inshallah. Kijana yule hakukusudia uongo. Lakini angetuambia, "Nitaliandika, ila siwezi kuahidi," tungelijua la kufanya.

Hayo ndiyo tuliyokuwa tukiyasema nyumbani jioni ya siku ya pili, kwa sauti kubwa, na maneno makali juu ya vijana wa siku hizi. Shangazi alikuwa ameketi nasi barazani, mguu wake umeinuliwa juu ya kigoda. Alitusikiliza. Kisha akatazama kule uani, kwenye chumba cha mwisho ambacho taa yake ilikuwa ikiwaka, akasema: "Kile chumba mmekipaka rangi. Kimependeza."

Hakusema zaidi ya hayo. Lakini sisi tulinyamaza.

Miaka 8 kabla ya siku ile, mumewe alipofariki, tulikwenda Bweni kumzika. Siku ya khitma, mbele ya wazee na jamaa, tulimwambia: "Shangazi, chumba cha uani ni chako. Siku yoyote utakayokuja Tanga utakikuta kitupu kinakungoja." Watu walisema amin. Baada ya miaka 3 ada za shule zilitulemea, tukakipangisha kwa mtu. Hatukumwarifu. Tulijiambia kwamba haji mara kwa mara, na ya kwamba akija tutaona la kufanya. Na alipokuja, la kufanya likawa ni nyumba ya wageni na vidato 22.

Zamani pwani yetu haikuwa na hoteli. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliona kwamba vijana wa mji huliendea jahazi, kila mmoja akimkabili mfanya biashara mmoja na kumtangaza kuwa ni mgeni wake, na mgeni hushukia kwa mwenyeji huyo. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate kilikuwapo chumba kiitwacho sabule, kilichojengwa kwa ajili ya mgeni tangu msingi. Hatusemi kwamba sisi tusio na sabule ni watu wabaya, wala kwamba kupangisha chumba ni haramu. Twasema kwamba karani yule aliitikia ombi kwa haraka, mbele ya meza, akalisahau. Sisi tulitoa ahadi bila kuombwa, mbele ya maiti aliyezikwa jana, tukaivunja kwa kutaka, kisha tukaificha. Suratul Israa yatuambia kwamba ahadi itaulizwa. Na Mtume (S.A.W.), katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ameitaja miongoni mwa alama za mnafiki kwamba akiahidi huvunja. Sisi tulikuwa tumeisoma Hadithi hiyo darasani mara nyingi, na kila mara tulifikiri yasemwa juu ya wengine.

Usiku ule, baada ya kula, tulimweleza shangazi yote: mwaka tuliokipangisha, sababu yake, na jinsi tulivyoogopa kumwambia. Tukamwomba msamaha. Akatuambia: "Mwanangu, nalijua tangu mwaka ule ule, watu wa Pangani huja Tanga wakarudi. Ningeambiwa nanyi tu, ningekuja na mkeka wangu nikalala na wajukuu zangu."

Hatukuweza kumtoa mpangaji. Naye ana mapatano nasi, na fedha yake tumeipokea. Kuitengeneza ahadi moja kwa kuivunja nyingine si uadilifu. Tulifanya lililokuwa katika uwezo wetu. Chumba chetu cha kulala ki chini, na choo ki karibu. Kila baada ya miezi 3 shangazi ajapo kwa daktari, chumba hicho ni chake, nasi hulala sebuleni pamoja na watoto. Mara ya kwanza alikataa. Mara ya pili alikataa pia, lakini sauti yake ilikuwa ndogo. Sasa haulizi, hufika akaweka mkoba wake kitandani, akauliza chai.

Basi, ndugu zetu, haya ndiyo tuwausiayo. Ewe msafiri, likiwa jambo ni la lazima kwako, usiliache liwe ombi: lifanye liwe katika mapatano, lilipie kama lina bei, litake kwa maandishi. Likiwa ni la kupenda tu, liombe kwa uzuri, ueleze sababu yake, na usiombe mambo mengi hata lile kubwa likapotea kati ya madogo. Kumbusha siku moja kabla, na upige simu ukichelewa njiani. Ukikosa, sema kwa adabu kwa mwenye uwezo, si kumgombeza aliye chini. Kisha, kama hapana njia, jipinde na umwombe Mola wako maghufira.

Ewe mwenye hoteli, na ewe kijana uliye mapokezi, mfundishe ulimi wako maneno mawili: "Nakuahidi" na "Nitajaribu," wala usiyachanganye. Liandike ombi la mgeni mbele ya macho yake. Na mgonjwa na mzee, hata asipoomba, watazame miguu yao kabla ya kuwapa ufunguo.

Nasi wenye nyumba tuzikumbuke ahadi tulizozitoa siku za misiba na za furaha, wakati nyoyo zikiwa laini. Huenda yupo mtu ng'ambo ya mto azijuaye zote, wala hasemi.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenyeji wakweli na wageni wenye shukrani, na amponye shangazi yetu na wagonjwa wote wa Kiislamu. Amin.

Wabillahi tawfiq.